Doa la Kijani

Haya yalimkuta binti wa marehemu shoga yangu, mtoto asiyejua kulitia neno chumvi. Kazi yake ni kuchora ramani za misitu kwa picha za setilaiti. Msitu alimozikwa mama yake, chini ya mvule, ulifyekwa ukabaki kipara, na kaburi halikujulikana tena lilipo. Kwenye picha mpya palikuwa pekundu tupu, rangi ya mahali pasipo miti, isipokuwa doa moja la kijani.

“Dada, hilo kosa la mashine. Lipake nyekundu twende tukale,” mwenzake wa kazini akamtania.

“Mpaka nikalione kwa macho yangu.”

Akaenda mchana, jua la utosini, simu ikimwelekeza. Visiki kulia, visiki kushoto, wala ndege hakulia. Simu ilipomwambia amefika, palikuwa na udongo mtupu. Akapiga magoti, akalia.

“Mama, wamekunyima hata kivuli. Nitajuaje ulipolala?”

Ndipo akasikia majani yakivuma juu yake, na upepo haukuwapo. Akainua uso: mbingu nyeupe, hakuna hata tawi. Alipoinama tena, ardhi ilikuwa imeingia giza, tena baridi. Na juu ya mikono yake, vivuli vya majani vilikuwa vikichezacheza.