Tarehe Aliyoisoma Kisa

Kila siku akitoka shule, Kisa alivua sare, akala, kisha akageuza kokoa iliyoanikwa uani ili ikauke vizuri. Baada ya hapo ilibaki kazi aliyoipenda kuliko zote: kupeleka maneno.

Nyumba yao, pale Ipyana, ilitazamana na nyumba ya babu yake, Mzee Ambilikile. Katikati palikuwa na migomba tu. Lakini mama yake, Veronika, hakuivuka migomba hiyo babu akiwa barazani. Kwa desturi ya ukoo wao, mke hasimami mbele ya baba mkwe wala hazungumzi naye ana kwa ana. Akiwa na neno, humtuma mtu. Tangu alipotimiza miaka sita, mtu huyo alikuwa Kisa. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili.

"Babu, mama anauliza kama uji ulitosha."

"Mwambie ndaga, asante sana, ulitosha. Ila sukari mlinihesabia punje."

Mama alicheka jikoni. Babu aliposikia kicheko, naye akacheka.

Mwaka huo mama alikuwa na jambo kubwa. Aliacha shule akiwa kidato cha pili. Alipokwisha kuwa na watoto wawili, alianza masomo ya jioni mjini Kyela, miaka mitatu, akirudi kwa baiskeli na madaftari yamefungwa kwenye kanga. Alifaulu. Chuo cha uuguzi kilimpa nafasi, kwa sharti moja: aithibitishe kwenye tovuti ya chuo kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. La sivyo, nafasi ingepewa mtu mwingine.

Simu ya nyumbani ilikuwa moja, yenye ufa kiooni, pale pale panapoonekana tarehe. Jumanne mama alijaribu kuifungua tovuti. Yakatokea maandishi mekundu: muunganisho si salama. Akajaribu ukurasa wa habari, ukafunguka. Wa bei za mazao, ukafunguka. Wa chuo, ukakataa. Akanunua bando jipya, ukakataa vilevile.

"Una nini wewe simu?" mama aliiuliza kama anayembembeleza mtoto mgonjwa.

Kwenye simu hiyo kulikuwa na mchezo wa kupanga matunda. Ukishindwa mara tano, unafungiwa mpaka kesho. Jackson, anayekaa naye dawati moja, alimfundisha ujanja: sogeza tarehe mbele, mchezo utadhani kesho imefika. Kisa alisogeza siku moja, kisha wiki, kisha miezi. Sasa simu iliamini ni Januari, wakati nje ilikuwa Agosti. Angeirudisha, mchezo ungemfungia, naye alibakiza hatua mbili tu ampite Jackson. Hakujua kama tarehe ndiyo iliyoifunga tovuti. Na hakutaka kujua.

Jumatano mama akasema, "Mpelekee babu yako. Yeye alikuwa fundi wa simu."

Babu alikuwa amestaafu zamani, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu. Aliishika simu, akaipapasa, akamrudishia Kisa.

"Wewe ndiye macho yangu. Izime, uiwashe."

Kisa alifanya hivyo. Tovuti ikakataa.

"Nyingine zinafunguka?"

"Ndiyo, babu. Nyingine zinafunguka."

"Basi mtandao upo." Babu alikuna kidevu. "Tarehe je? Simu ikiwa na tarehe ya uongo, tovuti nyingine huikataa, kama karani anayekataa barua yenye tarehe isiyoeleweka. Nisomee tarehe."

Kisa alifungua mipangilio, akatazama. Januari. Nyuma ya migomba aliiona kanga ya mama, imesimama, inasikiliza.

"Kumi na nne Agosti, babu," akasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Babu akashusha pumzi. "Basi tatizo ni la chuo, si letu. Hata akiazima simu ya mtu itakuwa vilevile. Mwambie mama yako asihangaike, asubiri watengeneze."

Kisa aliyapeleka maneno hayo bila kukosea hata moja. Alijiambia kwamba jioni ataichukua simu aisahihishe kimyakimya. Lakini jioni ile mama aliifunga simu kwenye pindo la kanga. Alhamisi nzima haikutoka pale. Kila saa alijaribu, kila saa maandishi mekundu.

Ijumaa saa tisa alasiri mama alishindwa kuvumilia. Alimpakia Kisa nyuma ya baiskeli, akaendesha kwenda mjini. Kisa aliuona mgongo wake umelowa jasho. Mara tatu alifungua mdomo aseme. Mara tatu akaufumba.

Kwenye duka la kuchapishia karatasi, dada mmoja aitwaye Georgina aliipokea simu, akaingia kwenye mipangilio.

"Mama, simu yako iko Januari! Nani kaichezea?" Akagusa mara mbili, akawasha tarehe ijiweke yenyewe. Haikuchukua hata dakika moja. Ukurasa wa chuo ukafunguka, mweupe na safi. Katikati palikuwa na sentensi moja: muda wa kuthibitisha umekwisha.

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na mbili.

Mama aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Kisha akamtazama Kisa, na Kisa akaanza kulia.

"Ulimsomea babu tarehe gani?"

"Ya uongo, mama."

Mama hakumpiga. Walirudi wakiikokota baiskeli. Walipofika nyumbani alisema, "Nenda. Ulimpelekea uongo, sasa mpelekee ukweli."

Kisa alisimama mbele ya babu, akasema yote, ya mchezo, ya Jackson, ya Januari.

"Miaka kumi na mitatu," babu alisema, "mama yako na mimi hatujatazamana usoni, wala hatujawahi kugombana. Unajua kwa nini? Katikati yetu alikuwepo mtu msema kweli. Kwanza shangazi yako, halafu wewe. Kosa la kuchezea tarehe lilikuwa dogo, Kisa. Lingetengenezwa Jumatano ile ile, na mama yako angekwenda chuo. Kosa hukua pale unapolificha, na mwenye kulipia huwa si wewe."

Kisha akapaza sauti kuelekea migomba, kana kwamba anaongea na kuku. "Anayesoma jioni miaka mitatu hashindwi kusubiri mmoja! Mwakani ataomba tena, na mimi nitauza kokoa yangu kwa ajili ya nauli."

Kutoka jikoni hakukusikika kicheko.

Kesho yake asubuhi mama alimwita Tumaini, mdogo wake Kisa, mwenye miaka mitano. "Kamwambie babu: uji uko tayari, na dawa yake anywe akishakula."

Tumaini alikimbia, akasimama katikati ya migomba, akarudi. "Mama, dawa anywe kabla?"

"Akishakula, mwanangu," mama alisema kwa upole, akarudia yote tangu mwanzo.

Kisa alikuwa uani akigeuza kokoa. Aliyajua maneno yote kwa moyo. Hakuna aliyemtuma.