Kulungu Mzima Havuki Mpaka

Verla Treadaway alifunua friza akakuta pakiti mbili za mahindi na barafu tupu.

"Mama, leo maharage tena," alisema.

Mama yake, Bi Opal, alikuwa anakanda unga. "Maharage hayajamuua mtu," alijibu. "Lakini yanajaribu."

Nyumba hii ya kaskazini mwa jimbo la Arkansas, Marekani, hula kulungu majira yote ya baridi. Mwindaji wake siku zote ni Coy, mume wa Verla. Mwaka huu Coy alianguka kutoka juu ya banda, na bega lake halikubali tena teke la bunduki. Kazi ikabaki kwa Verla. Asipopata kitu, hakuna nyama mpaka mwaka ujao.

Hollis, kaka yake Verla, ana shamba Missouri, jimbo la jirani, ng'ambo tu ya mpaka. Kule kulungu ni wengi. Verla akakata leseni ya wageni, akavaa kizibao cha rangi ya chungwa, akaenda. Asubuhi ya kwanza ya msimu wa kuwinda akaangusha dume nono kwa risasi moja.

Coy alikuwa amefuatana naye, na mkasi mfukoni. Kwetu anayekosa shabaha hukatwa pindo la shati, likatundikwa ukutani wageni wamcheke.

"Rudisha mkasi wako," Verla alimwambia. "Shika miguu, tumpakie."

Verla alifunga lebo, akapiga simu kuripoti kama sheria ya Missouri inavyotaka. Kisha wakampakia kulungu kwenye pikapu. Katika ukoo wa Bi Opal, kulungu wa kwanza wa mwaka hutundikwa kwenye mti nyuma ya nyumba na kuchunwa mbele ya wote. Mazoea hayo ni ya zamani kuliko sheria ya kuvusha kulungu mpakani, na hapo ndipo matata yalipojificha.

Karibu na mpaka walisimama kwenye kituo cha mafuta. Walimkuta jirani yao, Bi Nelda. Yeye hufundisha darasa la uwindaji, na nusu ya mtaa wetu ameshaigombeza.

"Hongera, Verla. Mnampeleka wapi?"

"Nyumbani."

"Mzima hivyo?"

"Si mzima, Bi Nelda, amekufa," Coy alisema, akacheka peke yake.

Bi Nelda hakucheka. "Mkivuka naye akiwa na kichwa na uti wa mgongo, mmevunja sheria ya Arkansas."

"Lakini nina leseni," Verla alisema. "Nimefunga lebo. Nimeripoti."

"Hizo ni sheria za Missouri, na umezifuata vizuri. Sasa unaingia kwenye sheria za jimbo lingine. Leseni imekuruhusu kumpiga, haikukuruhusu kumvusha na mifupa yake."

"Kwa nini?"

"Kuna ugonjwa wa kulungu unaokula ubongo. Hauna dawa. Visababishi vyake hukaa zaidi kwenye ubongo na uti wa mgongo. Mabaki yakitupwa, udongo unabaki na ugonjwa miaka na miaka."

Coy hakukubali. "Kulungu wanavuka mpaka kila siku, Bi Nelda. Nani anawauliza?"

"Hao wanakwenda kwa miguu, hawafiki mbali. Wewe unampa lifti. Halafu mifupa unatupa wapi, Coy?"

Mifupa yote Coy huitupa kwenye korongo nyuma ya banda, na kulungu wa kwetu hulisha pale pale.

"Wakinikamata?" Verla aliuliza.

"Wanakutoza faini na nyama wanachukua. Leseni wanaweza kuisimamisha. Na ukisimamishwa jimbo moja, mengine nayo yanakunyima, maana yanapashana habari."

Verla aliingiwa na hofu hasa. "Mama anamsubiri."

"Kama anasubiri nyama, ataipata. Rudini kwa Hollis mtoe mifupa yote. Kichwa mpeleke kituo cha kupimia, na msile mpaka majibu yatoke. Mifupa ifungwe kwenye mifuko, ipelekwe jalala la serikali. Kuuliza si ujinga, Verla, ila uulize kabla ya kupakia."

Walirudi. Hollis alinoa visu, akamtania shemeji yake kila alipokata vibaya. Nyama ikaingia kwenye maboksi ya barafu, bila mfupa hata mmoja.

Walipovuka mpaka, walimkuta bwana nyama, afisa wa wanyamapori, amesimamisha magari. Mbele yao palikuwa na pikapu iliyochomoza kwato nne, na mwenyewe alikuwa anajieleza kwa mikono miwili.

"Mna nini?" bwana nyama alimuuliza Verla.

"Kulungu wa Missouri. Tumetoa mifupa. Kichwa tumekiacha kituo cha kupimia."

Bwana nyama alifunua maboksi, akabonyeza nyama huku na huku.

"Vizuri. Endeleeni."

Verla aliendesha hadi kona ya pili. Hapo akasimamisha gari, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Coy naye akacheka, huku ameshika bega lake. Ile hofu yote ikawatoka.

Bi Opal alipoyaona maboksi, alinuna. "Mmeniletea kulungu wa dukani?"

Verla alimweleza kila kitu. Bi Opal akala maharage yake siku zile za kusubiri, bila kuyasifu. Majibu yalipotoka, ugonjwa haukuonekana. Jioni hiyo alikaanga nyama kwa mchuzi mzito wa maziwa, na sahani zote zikabaki tupu.

Kabla ya msimu uliofuata, Verla alipiga simu idara za wanyamapori za majimbo yote mawili, kwa kuwa sheria hubadilika. Siku ya kuondoka kwenda kwa Hollis alimkuta mama yake ameshaketi kiti cha mbele cha pikapu, koti limefungwa hadi kidevuni, kisu kikiwa kwenye ala.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kuchuna," Bi Opal alisema. "Kama kulungu haruhusiwi kuja kwangu mzima, mimi naruhusiwa kwenda kwake."