Miwani ya Mama

— Dada fundi, miwani hii naipenda, ila nikiivaa kichwa kinaniuma.

Msichana aliivua taratibu, akainama kuiweka mezani, mkufu wake wa shanga za shaba ukagonga meza. Fundi aliitazama. Ile fremu ya pembe ya ng'ombe aliikata na kuisugua mwenyewe, na ua lile dogo kwenye mkono wa kulia wa fremu alilichonga mwenyewe. Aliitengeneza moja tu, zawadi kwa mama wa mchumba wake, ambaye macho yalikuwa yamemchoka hadi anasomewa ujumbe wa simu na watu. Mchumba ndiye aliyeichukua akasema ataifikisha.

— Umeipata wapi?

— Nimepewa na mtu wangu. Kanitengenezea kwa mkono wake.

— Kwa mkono wake.

— Ndiyo. Tatizo vioo, naona ukungu tupu. Macho yangu mazima dada, mimi naivaa kwa urembo tu. Niwekee vioo vya kawaida.

— Hivi ni vioo vya kusomea. Vya mtu mzima.

— Basi alikosea, maskini. Ngoja nikuoneshe fundi mwenzio.

Akamwonesha picha kwenye simu. Mwanamume alikuwa anacheka, amevaa shati ambalo fundi alilipiga pasi Jumamosi. Fundi akavuta kiti akakaa. Kisha akampigia mchumba wake, akaweka sauti ya nje.

— Niambie, mpenzi.

— Nauliza tu, mama ameipenda miwani?

— Weee, haivui! Jana kalala nayo usoni.

Msichana aliacha kutabasamu. Sauti ile aliijua vizuri.

— Mbona umenyamaza? Uko na nani hapo?

— Niko na mteja, fundi alisema. Vioo vya mama yako vinamuumiza kichwa.

Simu ikakatwa. Haukupita muda, ujumbe ukaingia: "Naomba usimwambie mama. Nitamwambia mwenyewe."

Hata samahani hakuandika.

— Dada, wallahi sikujua.

— Najua hukujua.

Msichana aliisukuma miwani upande wa pili wa meza, akatoka huku akijifuta machozi kwa kiganja. Fundi alichukua tupa yake ya kusugulia fremu, hana cha kusugua. Mwanamume yule alikuwa na maneno matamu, na yeye aliyameza yote bila kutafuna. Lakini kilichomkata maini si yule. Fundi hakuwa na mzazi duniani. Mama yule ndiye pekee aliyemwita mwanangu, na sasa naye alikuwa anaondoka kwa mlango uleule.

Simu ikaita. Mama.

— Mwanangu, hujambo? Sikusumbui, ile miwani yangu nimeambiwa bado hujaimaliza. Usijiumize, mimi nasubiri tu.

Fundi alifumba macho.

— Iko tayari, mama. Nakuletea leo.

— Mje wote wawili basi.

— Nitakuja peke yangu.

— Haya, bora wewe. Halafu mwenzio kanitumia ujumbe sasa hivi, mrefu huo, na jirani hayupo. Ukifika utanisomea hadi niizoee miwani, eh?

Fundi aliifuta miwani kwa kitambaa, kioo kimoja, kisha cha pili.

— Nitakusomea, mama, alisema, akakata simu kabla hajaangua kilio.