Shamba la Thelathini na Moja

Kitu cha mwisho cha kawaida kilichotokea jioni ile kilikuwa mzaha wa Polikarp fundi.

"Injinia," alisema, huku akifunga boksi la kompyuta kwa mpira nyuma ya baiskeli, "wenzako wakifiwa wanaoa. Wewe unafufua gemu!"

Theodory alicheka kidogo. Katika miezi minne ya ugane alikuwa amejifunza kucheka kidogo. Mtu anayecheka huachwa haraka aende zake.

"Imekubali?" aliuliza.

"Imekubali tangu Jumatatu. Kile kiprogramu chako cha kupunguza kasi nimekiweka kama ulivyoniandikia. Gemu likafunguka, nikaliacha liwake lijipime. Siku tatu mfululizo, na umeme haujakatika hata mara moja. Wewe umewahi kuona Sumbawanga umeme ukakaa siku tatu?"

"Sijawahi."

"Basi hata umeme unakuhurumia. Ila jua la gemu lako umelikaba mno. Halisogei." Polikarp alivuta mpira, akaukaza. "Nenda taratibu, barabara ina mashimo."

Ilikuwa Juni, na upepo wa Ufipa ulikuwa umeanza kukata masikio. Theodory aliisukuma baiskeli kwa mguu hadi kwenye duka lake karibu na soko, mahali alipokuwa akichapa barua za watu na kutoa fotokopi. Wauza ulezi walikuwa wakifunga magunia. Mmoja alimsalimu, naye akaitikia. Jua lilikuwa limegusa paa za mabati upande wa Kasense.

Gemu lenyewe lilikuwa la zamani, la enzi za kompyuta zenye kioo cheusi na maandishi ya kijani. Mkewe, Bertilla, alikuwa mpiga chapa wa mradi mmoja wa mahindi. Mradi ulipofungwa na mali zake kupigwa mnada, watu waligombea magari na mashine za kupukuchua. Theodory alinunua kompyuta ya mkewe, pamoja na gemu ambalo mgeni fulani alikuwa ameliacha ndani yake.

Halikuwa na mengi. Mtu mdogo, ukubwa wa punje ya mahindi, alilima kwa jembe mistari iliyonyooka. Nyumba yake ilikuwa kwenye kona ya juu, kushoto. Jua lilitembea juu ya kioo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mtu akiingia nyumbani kabla jua halijazama, anapewa shamba jipya. Jua likimkuta nje, anaanguka, na shamba lile lile linaanza upya.

Bertilla alikuwa amefika shamba la thelathini na moja. Jumapili moja ya Februari alilihifadhi gemu pale alipofikia, akajifunga kitenge mabegani kwa baridi, akasema, "Nitalimalizia nikitoka hospitali."

Hakutoka.

Aprili kompyuta ile nayo ikafa. Theodory aliokoa disketi moja tu. Kwenye mashine mpya ya dukani, yenye mfumo wa kisasa, gemu lilikataa kufunguka. Alipolilazimisha, lilifunguka likakimbia. Magemu yale ya kale yalihesabu muda kwa mapigo ya mashine, na mapigo ya mashine mpya ni ya haraka mara mia. Jua lilichomoza na kuzama kabla hajagusa kitufe. Ndipo akakaa wiki tatu kuandika kiprogramu cha kuichelewesha mashine, kama mfugaji anavyomfunga kamba mguuni ng'ombe mkorofi. Kisha akaipeleka mashine kwa Polikarp, pamoja na disketi, akiweke.

Hakutaka kucheza. Alitaka kuliona shamba lile kama mkono wa mkewe ulivyoliacha. Hilo tu.

Aliingia dukani, akarudisha mlango bila kuufunga, akaunganisha nyaya. Kompyuta ilinguruma. Gemu likafunguka, na kwanza kabisa likaonyesha jedwali la alama.

BERTILLA 96,480.

Aliisoma tena.

Theodory hakuwa mtu wa kusahau tarakimu. Bertilla alikwenda hospitali akiwa na alama 41,260. Polikarp amecheza, aliwaza. Kisha akatikisa kichwa. Polikarp angefikisha elfu tisini, mtaa mzima ungekuwa umeambiwa.

Akafungua shamba la thelathini na moja.

Jua lilikuwa katikati ya anga, limesimama. Chini yake hapakuwa na mistari iliyonyooka. Kulikuwa na matuta ya mviringo, moja kando ya jingine, mamia, kutoka ukingo hadi ukingo. Theodory aliyajua matuta yale. Ni ntumba, matuta ambayo wakulima wa Ufipa huyatengeneza mwishoni mwa masika, majani yakifunikwa chini yaoze yawe mbolea. Aliyetengeneza gemu lile hakuwahi kuiona Ufipa. Hakuweka kitu kama hicho.

Katikati ya matuta, mtu mdogo alikuwa akilima.

Theodory alitazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwa mapajani. Hakuwa amegusa kibodi.

Pa... pa... pa...

Mashine ile haikuwa na spika.

Kisha ikaja harufu. Udongo mbichi uliopinduliwa, na majani yanayooza chini yake. Juni, kiangazi, ndani ya duka lenye sakafu ya saruji.

"Theodory."

Aliruka. Mlangoni alisimama Scola, shangazi wa Bertilla, aliyekuja kutoka Kasense tangu jana kumtazama mkwe wao. Kanga ilikuwa imemfunika hadi kidevuni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ugali umepoa hadi umekuwa jiwe, na wewe umekaa hapa na..."

Hakumaliza. Alivuta pumzi kwa pua, mara mbili. Kisha akasogea hadi kwenye kioo.

"Huyo anayelima ni nani?"

"Ni gemu, shangazi. Ni picha tu."

"Picha." Alinong'ona. "Picha gani inayolima kwa mkono wa kushoto?"

Theodory aliangalia. Miaka yote mtu yule alikuwa akishika jembe kwa kulia. Sasa mkono wa kushoto ulikuwa mbele, na baada ya kila pigo la tatu alinyoosha mgongo kidogo, kisha akainama tena. Theodory aliujua mgongo ule. Alilala kando yake kwa miaka kumi na miwili.

"Tangu Jumatatu Bertilla ananijia usingizini," Scola alisema. "Sikukwambia, nilijua wewe msomi utacheka. Hasemi neno. Ananinyooshea viganja tu. Vimechubuka, mwanangu. Vimetoka damu."

"Tangu Jumatatu?"

"Usiku wa Jumatatu ndio wa kwanza. Ndiyo maana nimekuja."

Pa... pa... pa...

"Siku ya kuondoa tanga tulifanya nini na jembe lake?" Scola aliuliza. "Ulikuwepo."

"Mliling'oa mpini."

"Tuling'oa mpini. Katika ukoo wetu tanga haliondolewi jembe zima la marehemu likabaki ndani. Jembe zima lina wa kulitafuta. Tukakuuliza mbele ya watu wote: kuna kingine alichokuwa akilimia? Ukasema hakuna."

Theodory alikumbuka. Alisema hakuna, na alisema kweli kama alivyoielewa yeye. Disketi ilikuwa ndani ya kitabu, kwenye rafu. Nani angeiita disketi jembe?

"Nilibaki na disketi yake, ile yenye gemu. Nilitaka kuona alipoishia," alisema.

"Sasa umeona. Na jua umelifanya nini?"

"Nimepunguza kasi. Bila hivyo haliwezekani..."

"Umemsimamishia jua." Scola hakupandisha sauti. "Mtu analima mpaka jua lizame ndipo aitwe nyumbani. Wewe umelisimamisha. Ataitwa saa ngapi?"

"Nani anamlimisha, shangazi?"

Mama yule alitazama mlango kwanza, kisha akajibu polepole.

"Wanaolimisha wafu hawana majina ya kutajwa jioni. Wao wanatafuta mwanya tu. Mwambie aende nyumbani."

Theodory alibonyeza mshale wa kushoto. Mtu mdogo hakusogea. Alibonyeza tena, akashikilia. Jembe liliendelea kupanda na kushuka.

"Lazima jua lisogee," alisema. "Nikilegeza kiprogramu, litasogea. Lakini likimkuta nje..."

"Likimkuta?"

"Anaanguka. Na shamba linaanza upya."

"Mara ngapi?"

"Mara zote."

Nje, mlinzi wa soko alikohoa, akapita.

Theodory alipunguza tarakimu moja katika kiprogramu. Jua likatetemeka... likaanza kushuka. Mtu mdogo hakuinua kichwa. Tuta jingine. Na jingine. Jua lilibakiza upana wa vidole vinne kufika ukingoni, kisha vitatu. Theodory alibonyeza mshale hadi ncha ya kidole ikawa nyeupe.

"Hanisikii," alisema.

Scola alipiga goti mbele ya meza, uso wake karibu kabisa na kioo. Akaanza kusema kwa Kifipa, kwa sauti ile mama anayoitumia kumwita mtoto aliyekawia mtoni. Kazi imeisha, alisema. Weka chini hicho. Moto umewashwa, maji ya kunawa yapo, sisi wote tupo ndani. Njoo, binti wa kaka yangu. Njoo.

Pa...

Kimya.

Jembe lilibaki hewani. Mtu mdogo aligeuka. Katika gemu lile hakuwahi kugeuka. Mtengenezaji hakumchorea uso. Na sasa pia hakuwa na uso, isipokuwa vidoa viwili vyeusi vilivyoelekea nje ya kioo.

Vilimwelekea Theodory. Vikakaa.

"Nenda, Bertilla," alinong'ona. Lilikuwa neno gumu kuliko yote aliyowahi kuyasema, pamoja na yale ya kaburini. "Nenda nyumbani."

Mtu mdogo alidondosha jembe. Akaanza kutembea kati ya matuta, kushoto, juu. Vidole viwili. Kimoja. Jua liligusa ukingo, likawa nusu, likawa uzi. Mlango wa nyumba ukafunguka, mtu akaingia.

Mlango ukafungwa.

Harufu ya udongo ilikatika papo hapo, kama mtu aliyefunika chungu. Theodory aligundua kwamba bado amekandamiza mshale, ingawa hapakuwa na mtu tena wa kusogeza. Akaondoa kidole.

"Amefika," Scola alisema, akajifuta uso kwa pembe ya kanga. "Asante Mungu. Amefika."

Kioo kikabadilika. Lilikuwa jedwali la alama. Mstari wa kwanza, uliokuwa na jina la Bertilla miaka yote, ulikuwa mtupu, na alama ya kuandikia ikawaka na kuzima ndani yake. Ikisubiri jina.

Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akigusa kibodi.

T.

H.

Scola alishika mkono wa Theodory.

E.

O.

Theodory aling'oa waya ukutani kwa nguvu hadi soketi ikatoa cheche. Kioo kikafa.

Gizani walisikilizana wakipumua.

"Matuta hayajaisha," Scola alinong'ona. "Shamba linatafuta mkono mwingine. Umenisikia? Ichome hiyo disketi leo leo, kwenye mafiga, nione moshi."

"Nitaichoma, shangazi."

Shangazi aliona moshi. Theodory alichoma disketi jikoni mbele yake, ikajikunja, ikanuka plastiki. Hakumwambia kwamba gemu lilikuwa limeshanakiliwa ndani ya mashine. Hakudanganya. Hakuulizwa.

Asubuhi alimsindikiza shangazi hadi njia ya Kasense. Umande ulikuwa mweupe juu ya nyasi. Scola alikuwa mchangamfu. Alisema amelala usingizi wa mtoto, hakuna aliyemjia.

"Amepumzika," alisema. "Na wewe sasa upumzike. Utafute mke, umesikia? Nyumba haikai na mwanaume peke yake, inaota ukungu."

"Nimesikia, shangazi. Wasalimie."

Alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona. Kisha akaenda dukani. Mteja mmoja alikuwa akisubiri na barua ya kuchapa. Alimwomba radhi, akamwambia leo hafungui. Akaingia, akafunga mlango kwa komeo la ndani, akachomeka waya.

Hakulazimika kulitafuta gemu. Lilikuwa wazi. Herufi nne zilikuwa palepale, na alama ya kuandikia ikiwaka na kuzima mbele yake, bila haraka.

Aliwaza kama alivyozoea kuwaza, kwa mpangilio. Bertilla yuko ndani ya nyumba ile. Mlango umefungwa. Na katika gemu lile, toka shamba la kwanza, hapakuwahi kuwa na njia ya kufika kwenye nyumba isipokuwa kupitia shambani.

Akarudisha kiprogramu kwenye kasi ndogo kabisa. Akakunja mikono ya shati.

Kisha akaandika herufi nne zilizobaki za jina lake.