Matairi Mawili ya Ndani

Kila alasiri Pihla akitoka shule huwa na kazi zake: kuingiza kuni, kumlisha mbwa, kisha kumsomea bibi yake ujumbe wa simu, kwa kuwa Bibi Saimi haoni herufi ndogo. Wiki ile ujumbe ulikuwa ukitoka kwa mtu mmoja tu, Bibi Lempi, dada yake Bibi Saimi, aliyelazwa hospitali ya mjini.

"Anasema anakusubiri," Pihla alisoma.

"Mwambie Ijumaa nakuja. Na mwambie nitaleta mkate wa iliki. Huo wa hospitali awape ndege."

Lakini safari ilihitaji matairi. Huku kwetu kaskazini mwa Ufini, gari lenye matairi ya kiangazi mwezi wa Novemba ni ng'ombe aliyesimamishwa juu ya barafu. Na matairi ya baridi ya Oiva, baba yake Pihla, yalikuwa yamebaki kipara.

"Baba, mjini siku hizi wanafunga yale laini, yasiyo na misumari ya kushika barafu," Pihla alisema.

"Mjini barabara zinamwagiwa chumvi na mchanga. Sisi kona yetu ya ziwani inang'aa kama sahani. Ukiipita bila misumari, uwe umeshasali."

Jirani yao, Mzee Urpo, alikuwa na matairi manne ya misumari anayoyauza. Jumatano wakaenda kwake, jua likiwa linazama.

"Yamo bandani," Mzee Urpo alisema. "Angalieni wenyewe. Mkiyapenda, mchukue."

Ndivyo tunavyouziana huku. Muuzaji hasifu, mnunuzi hahoji. Tairi lina maelezo yake ubavuni.

Mawili yalikuwa yameegemezwa mlangoni. Mawili mengine yalikuwa ndani kabisa, chini ya turubai lililoganda kwa baridi.

"Zile tarakimu za ubavuni mimi sizioni tena," Oiva alimwambia binti yake. "Soma wewe, tairi moja moja. Mbili za mwisho ndizo mwaka wa kutengenezwa. Halafu bonyeza mpira kwa ukucha. Ukibonyea, uko hai. Usipobonyea umekufa, haushiki barafu, hata meno yawe marefu vipi."

Mke wa Mzee Urpo alikuwa ameshaweka kahawa mezani, na kahawa ya jirani haikataliwi. Wanaume wakaingia ndani.

Pihla akayasoma yale ya mlangoni. Yalitengenezwa mwaka juzi. Ukucha ukazama vizuri. Mara akasikia sauti ya rafiki yake Kaisla ikitoka ziwani.

"We fundi matairi! Utalala humo? Theluji inakuja, kesho hatuna barafu!"

Alisema kweli. Barafu nyeusi ya mwanzo, ile ngumu na safi kama kioo, hukaa siku chache tu kabla theluji haijaifunika. Watoto wa huku huingoja mwaka mzima.

Pihla akainua pembe ya turubai. Akaona meno marefu na misumari iliyong'aa. Yalionekana mapya kuliko yale ya mlangoni! Lakini tarakimu zilikuwa upande wa chini. Ingebidi ayavute nje moja moja, na vidole vilikuwa vimeshaanza kufa ganzi. Akaliachia turubai, akachungulia jikoni.

"Yako sawa, Baba. Ya mwaka juzi."

"Yote manne?"

"Yote manne."

Akakimbilia ziwani na viatu vyake vya kutelezea. Siku ya pili theluji ikaanguka.

Ijumaa, Pihla alipotoka shule, wakaondoka. Oiva alikuwa amefunga matairi bila kuchagua, maana yalikuwa sawa yote. Yale mawili ya ndani yakaangukia nyuma. Bibi alikaa kiti cha mbele, mkate wa iliki umefungwa kitambaa mapajani, gari zima linanukia.

Oiva hakuwa anakimbiza. Hata hivyo, kwenye kona ya ziwani, mkia wa gari ukaanza kwenda njia yake. Alizungusha usukani kushoto, akazungusha kulia, mkia haukusikia. Gari likageukia lilikotoka, likaingia mtaroni kinyumenyume, likazama kwenye theluji hadi milangoni.

Hakuna aliyeumia. Walisikiliza injini ikipoa.

"Ajabu," Oiva alisema. "Matairi ya mwaka juzi?"

Pihla alikuwa anatazama magoti yake.

Mzee Urpo ndiye mwenye trekta, naye alikuwa mbali akivuta lori la maziwa. Wakasubiri. Giza likaingia. Simu ya Bibi ikalia, naye akampa Pihla kama kawaida.

"Bibi Lempi anauliza umefika wapi."

"Mwambie niko njiani," Bibi alisema.

Pihla akaandika hivyo.

Mzee Urpo alipofika na kulivuta gari, Oiva alipiga magoti akabonyeza tairi la nyuma kwa ukucha. Halikubonyea. Akalibonyeza jingine. Likawa kama jiwe.

"Hebu nisomee hapa, Urpo."

Mzee Urpo akamulika tochi, akasoma, akautaja mwaka.

"Pihla, una miaka mingapi?" Oiva aliuliza.

"Kumi na miwili."

"Basi hili ni kaka yako mkubwa." Hakucheka. Akamgeukia jirani yake. "Urpo, tumekaa pamoja miaka yote hii uje kuniuzia mawe?"

"Mimi nilisema angalieni!" Mzee Urpo uso ulimwiva. "Hayo ya ndani ni ya marehemu kaka yangu. Umri wa matairi yenyewe hata mimi sikuujua."

"Mwanangu aliyaangalia. Yote manne."

Wanaume wawili wakakaziana macho. Pihla akaona kwamba akinyamaza tu, kosa litabaki kwa Mzee Urpo, na hakuna atakayemuuliza yeye tena.

"Baba," alisema, "niliangalia mawili. Ya ndani sikuyasoma. Nilikuwa na haraka ya kwenda kuteleza."

Oiva akamwomba Mzee Urpo radhi. Hakuwa tayari kuendelea na safari kwa matairi yale. Wakarudi nyumbani.

Asubuhi Mzee Urpo akawapeleka mjini kwa gari lake. Muuguzi aliwapokea mlangoni kwa sauti ya chini.

"Jana mpaka jioni, kila mlango ukifunguka alikuwa anauliza, 'Ni Saimi?' Usiku hali ikabadilika. Haongei tena."

Bibi Lempi alikuwa amelala, amefumba macho. Bibi Saimi akavuta kiti, akamshika mkono.

Oiva akamchukua Pihla hadi duka la matairi. Pihla akapiga magoti sakafuni, akasoma kila tairi, akabonyeza kila moja.

"Mkaguzi huyu umemtoa wapi?" muuzaji alitania.

"Amesomea mtaroni," Oiva alijibu.

Wakachukua mawili mazuri ya kufungwa nyuma, ili mkia usiteleze tena.

Waliporudi hospitali, Bibi alikuwa ametoka chumbani kwa dada yake, amekaa ukumbini. Pihla akamwangukia kifuani.

"Nisamehe, Bibi. Nilitaka kucheza tu."

"Kukusamehe nimeshakusamehe, mjukuu wangu. Lakini sitakudanganya kwamba hakuna kilichopotea." Bibi alimpapasa nywele. "Kucheza si kosa. Mtoto asipoikimbilia barafu ile, nani ataikimbilia? Ungemwambia baba yako, 'Mawili sijayaangalia,' angeacha kahawa yake akachukua tochi. Maneno mawili tu, na mimi ningemkuta dada yangu akiongea. Jambo usilolifanya, sema hujalifanya. Mwingine atalifanya. Ukisema limefanyika, hakuna atakayeligusa tena."