Mihogo Iliyofungwa Vitambaa

Mama yake Fundi Baiskeli alilima mihogo mikubwa. Mimi nilikuwa jirani yake, kwa hiyo niliiona. Siku moja aling'oa muhogo mmoja tu, mbuzi wangu akatumbukia kwenye shimo. Tulimsikia akilia huko chini tangu asubuhi, tukamfikia jioni. Usicheke. Muulize mbuzi.

Mama huyo alifariki miaka sita kabla ya kisa hiki. Alimwachia mwanawe shamba dogo nyuma ya nyumba, na mbegu ya mihogo yake. Mbegu ya muhogo si punje. Ni kipande cha shina. Unakata shina la muhogo wa mwaka huu, unapanda, unapata muhogo wa mwaka ujao. Kwa hiyo mihogo ya Fundi ilikuwa ileile ya mama yake.

Ila kila mwaka ilizidi kukonda.

Asubuhi moja mke wa Fundi, ambaye ni mshonaji, alileta chai na sahani ya mihogo. Fundi akainua muhogo mmoja, akaupima kwa macho.

"Mama watoto, hii ni mihogo au sindano za cherehani yako?"

"Sindano zangu zina afya," mkewe akajibu. "Halafu niachie vitambaa vyangu. Jana nimetafuta kipande cha kushonea mfuko wa suruali ya mteja. Nimekikuta shambani, umeuvika muhogo."

"Ule unaumwa. Nimeufunga upate nafuu."

"Muhogo umeteguka mguu?"

"Mama alikuwa anaifunga vitambaa. Na ile yenye vitambaa ndiyo aliyokata mbegu. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka. Na mimi nafanya hivyohivyo."

Mkewe akarudi kwenye cherehani. Mama mkwe akishatajwa katika nyumba ile, ubishi umekwisha.

Siku hiyohiyo Bibi Shamba alikuja na baiskeli yenye pancha. Bibi Shamba ni dada mchangamfu, kazi yake ni kuwafundisha watu kilimo. Fundi alipokuwa anaziba tairi, yeye aliingia shambani kutazama. Alirudi ameshika jani.

"Baba, shamba lako lina ugonjwa wa batobato. Tazama. Jani limejikunja, lina mabaka ya njano."

"Najua linaumwa, binti yangu. Nimelifunga."

Bibi Shamba alijitahidi asicheke. "Muhogo wenye batobato haupoi, hata ukiufunga blanketi. Ugonjwa umo ndani ya shina. Inzi weupe wadogo wanaueneza, lakini na sisi tunaueneza. Ukipanda shina gonjwa, umepanda ugonjwa."

"Sasa nifanyeje?"

"Vuna kilichopo, mle, hakina madhara. Mashina yote choma moto. Kisha tafuta mbegu safi mahali pengine. Mvua iko karibu."

Pampu ilimponyoka Fundi mkononi.

"Nichome mihogo ya mama yangu?"

Alimaliza kuziba pancha. Mchana hakula. Alikaa kwenye kigoda, akitazama shamba. Hicho ndicho kitu pekee cha mama yake kilichokuwa bado kinaota.

Mkewe aliisimamisha cherehani.

"Baba watoto, mama hakuwa mchoyo. Alikuwa anagawa mbegu. Nani alipata?"

Fundi alifikiri. Kisha akasimama ghafla, kigoda kikaanguka.

"Shangazi!"

Kesho yake waliondoka, mke amekaa nyuma ya baiskeli, Bibi Shamba anawafuata na yake. Shangazi, dada wa baba yake Fundi, aliwapokea kwa vigelegele. Shamba lake lilikuwa zuri. Mihogo ilikuwa na majani mapana, ya kijani, hayana baka. Na baadhi ya mashina yalikuwa yamefungwa vitambaa.

"Mnaona!" Fundi akapiga kelele. "Hata Shangazi anafunga wagonjwa!"

"Wagonjwa gani, wewe mtoto?" Shangazi akashangaa. "Hii ndiyo mizima kuliko yote! Wifi yangu, mama yako, ndiye aliyenifundisha. Majani yakiwa bado mabichi, unapita shambani. Ukiona muhogo hauna baka, shina lake nene, unaufunga kitambaa. Baadaye majani yakipukutika, mashina yote yanafanana. Kitambaa ndicho kinakuonyesha pa kukata mbegu."

Fundi akatoa macho. "Kumbe miaka sita nimefunga wagonjwa..."

"Na ukapanda wagonjwa," mkewe akamalizia. "Tena kwa bidii."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Ulikuwa na miaka minne, baba. Ulimuuliza mama yako, 'Huyu ameumia wapi?' Akakubusu kichwani, akasema, 'Mfunge vizuri.' Alipenda sana swali lako. Hakuwa na moyo wa kukurekebisha."

Fundi naye alicheka. Kisha akageuka, akajifuta macho na pua kwa mkono wenye grisi. Akarudi ana masharubu ya grisi.

Bibi Shamba alikagua mashina moja baada ya jingine. "Haya yana miezi kumi. Yanafaa. Usichukue ncha, ni changa, inaoza. Usichukue chini kabisa, pamekomaa mno, panachelewa kuchipua. Chukua katikati."

Alikata kwa panga kali. Utomvu mweupe ukatoka papo hapo.

"Umeona? Likitoa maziwa, shina lina uhai. Likiwa kavu, achana nalo. Kila kipande kiwe shibiri moja na kidogo, kiwe na macho matano mpaka saba."

"Macho ni haya mavimbe?"

"Ndiyo, hapo panachipua. Ukipanda, macho yatazame juu. Ukikigeuza kichwa chini, kitahangaika."

"Kama tairi," Fundi akasema. "Lina upande wake."

Walifunga mzigo, wakaukinga jua njiani. Nyumbani Fundi alivuna, akang'oa kila kitu, akachoma mashina. Wakati moto unawaka, mkewe alimshika mkono. Moshi ulipanda juu, ukaziba jua siku mbili, kuku wangu wakalala mchana. Basi, siku moja.

Mvua ya kwanza ilipolowesha udongo walipanda. Walichomeka vipande vikiwa vimeinama kidogo, theluthi mbili ndani ya udongo, theluthi moja nje. Kutoka shina hadi shina waliacha hatua moja ndefu. Kisha wakapalilia mapema, magugu yasije yakaitawala mihogo michanga.

Mwezi wa pili miche miwili ilijikunja majani. Mkewe alimkuta Fundi amechuchumaa mbele ya miche hiyo, mkono mfukoni. Akamkazia macho.

"Sijaleta kitambaa," Fundi akajitetea. Akaing'oa yote miwili, akaichoma.

Miezi kumi ikapita. Fundi alichimba muhogo wa kwanza, mnene kama paja la mtu mzima. Hapo siongezi hata chembe. Waliuchemsha, wakamwalika Shangazi, wakaniita na mimi. Fundi aliuma kipande, akafumba macho.

"Ni wenyewe," akasema. "Mama, ni wenyewe."

Baada ya chai mkewe alifungua sanduku. Akatoa gauni kuukuu la mama mkwe, akalikata vipande vyembamba kwa mkasi wake mzuri, ule ambao hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Wakaenda shambani pamoja. Majani yalikuwa bado mabichi.

Nilimkuta Fundi amepiga magoti, anafunga kitambaa kwenye shina nene kuliko yote.

"Fundi," nikamchokoza, "huyu naye ameumia wapi?"

"Hana hata mkwaruzo, mzee," akajibu, akikaza fundo. "Ndiyo maana nimemfunga."