Tairi la Mbele Kushoto

"Ukitaka kutoka humu kabla gari halijanyooka," alisema Manukato, "utatoka umebebwa."

Mlango wa chuma ulishuka nyuma yao. Kufuli likalia. Ghala likabaki na mwanga wa matundu ya mabati tu, na harufu mbili zisizopatana: grisi kuukuu na marashi ya huyo bwana aliyesema.

Fundi aliweka boksi lake la vifaa sakafuni. Alikuwa na ovaroli lenye madoa ya kweli, viganja vyenye sugu za kweli, na jina la uongo. Katika jengo fulani lisilo na kibao walimwita Sindano. Humu alikuwa fundi tu, na siku ambayo angeacha kuwa fundi ndiyo ingekuwa siku yake ya mwisho.

Mbele yake palisimama Peugeot 504 ya zamani, rangi ya maziwa, imetendewa unyama. Viti vimechanwa. Milango imebanduliwa ngozi za ndani. Tangi la mafuta limeshushwa na kurudishwa ovyo.

Sindano alijua walichotafuta. Kadi ya kielektroniki, ndogo kuliko kiberiti, iliyoibwa kwenye chumba kinachoongoza umeme wa mji mzima. Mwenye nayo angeweza kuuzima mji akiwa amekaa nchi nyingine anakunywa kahawa. Dereva aliyeitorosha aliificha humo garini, kisha moyo ukamsimama kabla hajasema wapi. Manukato alilipekua gari hadi akachoka. Sasa mnunuzi, mgeni mwenye mashine za kuona ndani ya vyuma, alikuwa ng'ambo ya mpaka akilisubiri gari lenyewe.

Njia ilikuwa moja, ya mlimani. Gari lilivuta kushoto, na kushoto kwa barabara ile kulikuwa na bonde; ndiyo maana fundi aliitwa.

Wakubwa walikuwa na hofu zao kuhusu kadi hiyo. Sindano alikuwa na yake. Dada yake alijifungua juzi kabla ya wakati, na mtoto, kitu cha kujaa kiganja, alikuwa hospitali ndani ya sanduku la kioo linalopashwa joto kwa umeme. Jenereta ya hospitali ilikuwa mbovu. Mjomba mtu hakuwa amempakata hata mara moja.

Simu ya Sindano, Nokia ya vitufe waliyomnyang'anya mlangoni, ililia mfukoni mwa Manukato. Manukato akabonyeza sauti ya nje, akainua bastola yake, Beretta.

"Fundi," ilisema sauti ya mwanamke. "Ile spea umeipata?"

"Bado, mama. Naisaka."

"Jioni nafunga duka, baba. Likishafungwa sina la kukusaidia."

"Nimekusikia."

Simu ikakatwa. Mama Spea hakuwahi kuuza hata nati moja maishani mwake. Alikuwa mkuu wa Sindano, na alichosema ni kwamba gari likivuka mpaka, basi tena.

"Anza," alisema Manukato.

Sindano alianza na upepo, kama fundi yeyote mwenye akili. Alichomeka geji tairi moja baada ya jingine. Upepo ulikuwa sawa. Ila geji ile ilikuwa na kazi ya pili: ndani ya kifuniko chake kulikuwa na redio ya kuwaonyesha wenzake alipo. Taa yake ilikuwa nyekundu. Mabati na chuma vilikuwa vimemeza mawimbi yote.

Hakuna aliyejua yuko wapi.

"Niliendeshe kwanza, bosi," alisema. "Usipoliendesha gari hulijui."

"Utaliendesha humu humu."

Ghala lilikuwa refu, na katikati palikuwa na mstari mweupe wa enzi za shehena. Manukato akaketi pembeni yake, mtutu ukimgusa ubavu. Sindano akaweka gurudumu juu ya mstari, akakanyaga mafuta, akaachia usukani.

Gari likaenda hatua chache, likauacha mstari, likaufuata ukuta wa kushoto. Alilirudisha kwa nguvu.

"Breki hiyo!" alipaza sauti Nundu, mlinzi mwenye shingo nene kuliko kichwa, akiwa amekalia pipa. "Mimi nilisema breki!"

"Breki ikishika, rimu inachemka." Sindano alishuka, akapitisha mgongo wa mkono kwenye rimu moja moja. Zote zilikuwa baridi. "Na hapa sikukanyaga breki, bado limevuta."

Akapiga jeki. Akalitikisa gurudumu juu na chini, halafu kulia na kushoto. Hakuna kilichocheza. Akapima kwa shubiri kutoka sakafuni hadi kwenye bodi, huku na huku, akaona springi hazijalala. Kila alichokifuta kwenye orodha ya kichwani kilimsogeza kwenye jibu, na jibu hilo hakutaka kulipata mbele ya watu.

Ikabaki njia moja. Alifungua magurudumu mawili ya mbele, akayabadilisha. La kushoto kulia, la kulia kushoto.

Wakarudi kwenye mstari. Akaachia usukani.

Gari likavuta kulia.

"Umeliharibu!" Manukato alimsukumia mtutu ubavuni. "Lilikuwa kushoto, sasa kulia!"

"Ndiyo dawa yenyewe, bosi. Ugonjwa umehama na tairi. Gari ni zima."

Alichuchumaa mbele ya tairi lile. Upande mmoja wa ndani ulikuwa umevimba kidogo, uvimbe wa kuusikia kwa vidole tu. Na ukingo wa rimu ulikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa, wakati rimu nyingine zote zilikuwa na kutu ya miaka. Kuna mtu alilifungua tairi hili karibuni, akabandika kitu ndani kwa kiraka kinene.

Akajifuta vidole kwenye ovaroli, kama mtu asiyeona kitu.

"Nundu," alisema Manukato polepole. "Matairi mliyaangalia?"

"Tuliyapiga nyundo yote, bosi. Hakuna kilicholia."

Manukato alilitazama tairi. Halafu akatazama saa yake ya dhahabu.

"Weka lile la akiba. Hili tupa kwenye buti, liwe spea."

Hapo maji yalimfika Sindano shingoni. Likiingia kwenye buti, litavuka mpaka.

"Bosi, naomba hilo uniachie mimi," alisema. Maneno yalimtoka haraka mno.

Manukato akageuka. "Unalitakia nini?"

Macho mawili na mtutu mmoja vilimngoja, na kichwani mwake hapakuwa na kitu ila sura ya dada yake.

"Nakata ndala za matairi nauza, bosi," alisema, akainamisha kichwa kwa aibu. Nusu ya aibu hiyo haikuwa ya kuigiza. "Mambo magumu. Na huku dada kajifungua, mjomba mtu siwezi kwenda mikono mitupu. Wewe nalo lingekupasukia tu kwenye kona."

Nundu alicheka hadi pipa likayumba. Manukato naye akacheka, cheko la mtu aliyejua siku zote kwamba mafundi wote ni wezi na sasa amepewa ushahidi.

"Siku za mwizi arobaini, fundi! Yaani hata tairi bovu?" Akalipiga teke. "Mwachie. Wewe, Nundu, kaa naye."

Kisha akamvuta Nundu pembeni, akamkabidhi Beretta. Alidhani ananong'ona. "Nikivuka nitakupigia. Ukisikia simu, mmalize."

Mlango ulipanda. Peugeot likatoka na tairi la akiba, Manukato usukani, limenyooka kama rula, na kwa muda wa pumzi chache taa ya geji ikawa kijani. Mlango ukashuka. Taa ikarudi nyekundu.

Je, wenzake walikuwa wameiona? Hakujua. Alibaki na mtu mmoja, Beretta moja na simu itakayolia.

Alilaza tairi, akatoa upepo, akalibandua kwenye rimu kwa nondo. Nundu alimtazama kwa hamu ya mtu aliyechoka kukaa.

"Zinadumu hizo?"

"Utazikwa nazo, kaka."

"Nikatie na mimi. Namba kumi na moja."

"Lete mguu nipime."

Nundu alivua kiatu. Akasimama, akauweka mguu juu ya tairi, bastola mkononi, kifua mbele kama bwana harusi anayepimwa suti. Sindano akachora kwa chaki, kisigino, kidole gumba.

Simu ililia.

Nundu akaingiza mkono mfukoni. Akabaki kwa mguu mmoja.

Sindano alilivuta tairi kwa nguvu zake zote.

Jitu lile lilikwenda chini mgongo kwanza, risasi ikatoboa mabati, Beretta ikateleza chini ya pipa. Sindano alikuwa juu yake kabla hajajua sakafu ni ipi. Ngumi moja. Ya pili. Ile ya tatu haikuhitajika, lakini alikuwa amekaa na hofu tangu asubuhi.

Akaokota simu.

"Nundu!" Manukato alikuwa akihema. "Linakwenda sawa mno hili gari! Nimeachia usukani, halitikisiki! Umeelewa? Ni tairi! Kadi imo kwenye tairi! Mmalize fundi, mimi nageuza!"

"Geuza taratibu, bosi. Hapo kona ni kali."

Manukato aliitambua kwamba sauti ile haikuwa ya Nundu.

"Nani wewe?"

"Fundi."

Akakata. Akapiga namba aliyoijua kwa moyo.

"Duka la spea," ilisema sauti.

"Spea nimeipata, mama. Mteja wangu anarudi, ana haraka."

"Tuliona taa yako. Vijana wako njia panda, walihofu kashawaponyoka, kumbe anawafuata mwenyewe." Kikapita kicheko kifupi. "Wengine wako mlangoni kwako. Ziba masikio."

Kufuli lilipolipuka, Sindano alikuwa tayari amebandua kiraka. Kadi ilikuwa imefungwa nailoni, kavu, haina hata mkwaruzo. Akamkabidhi ofisa wa kwanza aliyeingia, akampisha wa pili amfunge Nundu pingu, akachukua boksi lake. Akatoka akitembea kwa miguu, hakutaka lifti ya mtu. Kuketi ndani ya gari jingine siku hiyo kulimshinda.

Jua lilikuwa linazama alipofika wodini. Nyuma ya kioo, ndani ya sanduku, taa ndogo ya manjano ilikuwa inawaka, na chini yake mtoto alifumba na kufumbua ngumi.

Dada yake alimtazama ovaroli, kisha mikono.

"Mjomba mtu, unakuja hospitali na grisi hiyo? Tangu asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kuna gari lilikuwa linavuta upande," alisema, akaenda kunawa mikono ili ampakate.